Nyonga mbili zimekaza, moja tu ndio misuli: kisa cha dereva wa tuktuk wa Kisauni

Hiki kisa nakiandika kwa ajili ya mafizio wenzangu (sisi tunaotibu viungo na misuli kwa mazoezi), makochi wa jimu, na yeyote mwenye maumivu ya kinena ambaye ameshaambiwa "hiyo ni misuli imekaza, wewe nyoosha tu itaachia". Jina la mgonjwa sitaji na vitu vidogo vidogo nimebadilisha asijulikane, lakini vipimo vya nyonga ni vile vile nilivyoviandika kwenye faili.

Ni mwanamume wa miaka 36, dereva wa tuktuk, anabeba watu Kisauni hadi Mwembe Tayari, Mombasa, anaingia barabarani saa kumi na moja alfajiri na kurudi nyumbani ni baada ya Isha. Ana mke na watoto, sukari hana, presha hana, ana pumu tangu utotoni. Kinena cha kulia kilianza kumuuma polepole, hakuanguka, hakugongwa, na baada ya muda maumivu yakawa yanashuka mbele ya paja mpaka karibu na goti. Alipofika kwangu ilikuwa kama miezi mitano hivi.

Kabla yangu alikuwa ameshapita kwa watu kadhaa, na wote walimpa jibu moja: unakaa sana, nyonga imekunjwa kutwa nzima, misuli ya kukunja nyonga imekuwa mifupi. Na mantiki ipo, siwezi kusema haipo, manake tuktuk nyingi breki iko mguu wa kulia, kwa hivo mguu wa kulia unainuliwa na kukandamizwa siku nzima kwenye foleni ya Kongowea, ukiunganisha na kukaa saa kumi na kitu, mtu yeyote ataona ni misuli. Jimu akaonyeshwa ile strechi ya goti moja chini, mguu mwingine mbele, unasukuma kiuno mbele unakaa hivo sekunde 30. Akawa anaifanya kila siku baada ya Alfajiri na kabla ya kulala, kwa bidii kabisa, na maumivu yanazidi.

Nikamuuliza mambo ya nyumbani, sio ya nyonga. Anavaaje soksi, anachutamaje chooni, anapandaje tuktuk. Akasema siku hizi mguu wa kulia anaushika na mkono chini ya paja ndio auingize ndani. Usiku maumivu yanamuamsha akigeuka kitandani. Na tahiyatu haimkubali tena, amehamia kwenye kiti huko nyuma msikitini na wazee. Mtu wa miaka 36 anaswali kwenye kiti na usingizi unakatika, hapo mie napunguza mwendo, sianzi kumvuta mtu mguu kabla sijajua ninavuta nini.

Nikamwambia, "Kaka, hebu tembea mpaka mlangoni urudi." Hatua ya mguu wa kulia fupi, anautoa ardhini haraka, na mwili unalalia kulia kila akiukanyaga. Kusimama kwa mguu mmoja wa kulia, kiuno cha upande wa kushoto kikashuka. Kuchutama akafika nusu, mguu wa kulia ukageuka nje wenyewe na mwili ukakimbilia kushoto.

Kitandani nilianza na testi ya Thomas, na hapa nataka nikae kidogo manake ndio testi inayoweza kumponza mgonjwa kama huyu ukiisoma nusu. Ile ya asili inafanywa hivi: mgonjwa amelala chali, unaukunja mguu mmoja goti kifuani mpaka upinde wa kiuno uishe, mkono wako uko chini ya kiuno ili ujue umeisha kweli, halafu unaangalia paja la pili. Likibaki limelala kitandani, nyonga inanyooka vizuri. Likiinuka, kuna kitu kinaizuia nyonga kunyooka, na mwanzo huo uzuio ulikuwa unafichwa na kiuno kilichopinda. Nyingine ndio tunayoitumia sana siku hizi, mgonjwa anakaa ukingoni mwa kitanda, anajilaza nyuma magoti yote kifuani, anaushika mmoja, mwingine anauachia uning'inie nje. Hii inakupa habari zaidi manake goti nalo linaongea. Paja lifike usawa wa kitanda, goti lining'inie likiwa limekunjika karibu digrii 80 hadi 90, na paja lisikimbilie nje.

Jamaa huyu pande zote mbili zilikuwa na kasoro. Kushoto paja liliinuka kama digrii 10 juu ya usawa, na goti lilikuwa limejinyoosha, limekunjika 55 tu. Kulia paja liliinuka kama digrii 20, lakini goti lilining'inia vizuri kabisa, 85. Ukiandika tu "Thomas imeonyesha kukaza pande zote mbili, kulia zaidi" umeandika ukweli, lakini umeandika nusu yake, na ile nusu nyingine ndio matibabu.

Kwa hivo usiishie hapo, badilisha kitu kimoja uone. Upande wa kushoto nililinyoosha goti taratibu na mkono wangu, paja likashuka lenyewe mpaka usawa. Hio ni rektasi femorisi, ule msuli wa mbele ya paja unaovuka nyonga na goti kwa pamoja, ukiulegezea upande wa goti unaiachia nyonga. Upande wa kulia nikafanya vile vile, goti likanyooka, paja halikusogea hata kidogo. Maana yake kinachozuia hakivuki goti, kiko kwenye nyonga peke yake, na hapo wagombea ni wawili: iliosoasi, yaani ule msuli mkubwa wa ndani unaotoka kwenye uti wa mgongo na fupanyonga, au kiungo chenyewe na kifuko chake. Testi ya Thomas haiwezi kukuambia ni yupi kati ya hao wawili. Haiwezi, hata ukiirudia kutwa.

Na watu wengi hawajui kwamba hii testi haikuzaliwa kupima misuli. Hugh Owen Thomas alikuwa daktari wa Liverpool, ukoo wake ulikuwa wa waunga mifupa wa Wales, na miaka ya 1870 alipoieleza alikuwa anashughulika na viungo vya nyonga vilivyougua, enzi ambayo kifua kikuu cha mifupa kilikuwa kinawalemaza watoto wengi. Alifariki 1891, eksirei ikagunduliwa 1895, kwa hivo yeye hajawahi kuona picha ya mfupa wa mtu aliye hai, alikuwa na macho yake na mkono wake chini ya kiuno cha mgonjwa, na alichokuwa anakitafuta ni kiungo kilichojikunja kwa ugonjwa. Sisi ndio tumeichukua tukaigeuza testi ya "misuli mifupi", kisha tukasahau kazi yake ya kwanza.

Kitu kingine, fupanyonga lazima lishikwe. Mgonjwa akiuvuta mguu wa pili sana kifuani fupanyonga linapinduka nyuma, paja linaonekana limeinuka hata kama hana shida, akiulegeza kiuno kinapinda na paja linashuka hata kama shida anayo. Kuna utafiti wa 2016 ulioonyesha wazi kwamba bila kudhibiti mlalo wa fupanyonga hio testi ya ukingoni haipimi kunyooka kwa nyonga inavyodaiwa. Kwa hivo mkono mmoja ukae kwenye ncha ya mfupa wa kiuno wakati wote, sio simu ya kupigia picha.

Nikamgeuza kifudifudi kwa testi ya Ely. Unakunja goti kisigino kiende makalioni, nyonga isiinuke. Kushoto makalio yakaanza kuinuka goti likiwa kama digrii 100, na akausikia mvuto mbele ya paja, "hapa hapa daktari", akaonyesha katikati ya msuli. Inakubaliana na Thomas, upande huo nikaumaliza. Kulia goti lilikunjika bila shida ila tatizo lilikuwa kulala kifudifudi kwenyewe, nyonga haikutua kitandani.

Misuli ya nyuma ya paja sikukaa nayo sana. Kuinua mguu ulionyooka ilifika 70 kulia na 65 kushoto, kuuvuta wayo juu hakukuongeza kitu, hakuna ganzi wala umeme wa kushuka mguuni, kwa hivo neva ya siatika, ile kubwa inayoshuka nyuma ya mguu, nikaiweka pembeni. Testi ya Ober nayo, ile ya kulala ubavu ukirudisha mguu wa juu nyuma kisha unauachia ushuke, kulia haikufanyika sawasawa manake lazima nyonga inyooke kwanza. Na hata ingefanyika nisingeipa uzito mkubwa: Frank Ober wa Boston aliieleza miaka ya 1930 akiulenga ule mkanda wa pembeni ya paja, lakini 2016 watafiti waliukata huo mkanda kwenye maiti na mguu haukushuka zaidi, ulishuka walipokata misuli ya makalio ya ndani na kifuko cha kiungo. Mafunzo mengi bado yanafundisha ya zamani.

Sasa mzunguko wa nyonga. Hapa ndipo kisa kilipogeuka.

Mgonjwa chali, nyonga digrii 90, goti digrii 90, unaupeleka wayo nje ili paja lizunguke ndani. Kushoto 40, mwisho wake unavutika vizuri. Kulia ilifika 10 ikagota, kama mlango uliogonga kizingiti, na uso ukakunjamana. Nikamuuliza ni wapi, akaweka kidole kinenani, ndani kabisa. Kuzungusha nje alipata 35 kulia na 45 kushoto, tofauti ipo lakini sio ya kutisha.

Ifikirie vizuri hii. Nyonga ikiwa imekunjwa digrii 90 iliosoasi imelegea, ncha zake mbili zimesogeleana, haina cha kuvuta. Kama ni yenyewe iliyokuwa inaizuia nyonga kunyooka, basi kwenye mkao huu ingetoka njiani na mzunguko ungekuwa huru. Haukuwa huru. Na kama ni misuli ya nyuma iliyokaza, pirifomisi na wenzake, mgonjwa angesikia mvuto nyuma kwenye kalio, sio kinenani. Mwendo umekatika, umekatika kwa kugota, maumivu yako mbele ndani, na msuli uliokuwa unashtakiwa haupo hata kazini. Hapo mie nilishaamini ni kiungo.

Lakini sikutaka kuamini kwa testi moja, nikafanya nyingine tatu za haraka. Kwanza nikamlaza miguu imenyooka, nikaviringisha paja lote ndani nje kwa viganja viwili, taratibu, yeye hafanyi kitu. Hapo hakuna msuli unaovutwa wala kukazwa, kinachozunguka ni kichwa cha paja ndani ya kikombe chake tu. Kulia kiliuma. Pili, testi ya Patrick, kisigino juu ya goti la pili, goti liangukie nje: kushoto likashuka karibu na kitanda, kulia likabaki juu na maumivu kinenani, yangekuwa nyuma chini ya kiuno ningefikiria kiungo cha fupanyonga na uti wa mgongo. Tatu nikamwambia akunje nyonga dhidi ya mkono wangu katikati ya mwendo, iliosoasi ifanye kazi ya nguvu. Haikumuuma kivile. Msuli wenye matatizo ungelalamika hapo.

Na kuna kitu kimoja ambacho mie nakifanya kwa kila nyonga iliyokaza, hakigharimu hata senti. Unaufikisha mguu pale unapogota, unamwambia mgonjwa asukume dhidi yako kwa nguvu kidogo sekunde chache, apumue, alegee, halafu unaufuata mguu uone kama umepata nafasi mpya. Msuli uliokaza karibu kila mara unakupa kitu papo hapo. Kushoto goti lilikunjika digrii 10 zaidi kwa raundi mbili. Kulia nilipata sufuri, na nikaacha, manake kuendelea kungekuwa kumtesa mtu kwa kitu nimeshakijua.

Tukarudi kwenye maswali. Mwanamume wa umri huu, kiungo cha nyonga kinauma usiku, mzunguko wa ndani umeisha, hajaumia popote, kuna orodha ya mambo unayoyauliza na huku kwetu ina ya kwake. Selimundu ni ya kwanza, Pwani ugonjwa huu uko majumbani na unaua kichwa cha paja kwa kuzibia damu, akasema hana, ameshapimwa na ukoo wao hakuna. Kifua kikuu: hakohoi zaidi ya pumu, hatoki jasho usiku, hajapungua, suruali zile zile. Pombe hanywi kabisa. Dawa? "Situmii dawa daktari." Na inhela? "Aa, inhela ipo." Na ikikubana sana, mvua za masika, vumbi, unafanyaje? "Nanunua zile tembe ndogo nyeupe dukani kwa dawa, nakunywa wiki nafunguka."

Zile tembe ni predinisoloni. Ni steroidi. Alikuwa anajinunulia mwenyewe bila karatasi ya daktari, mara nyingi kwa mwaka, kwa miaka, na akijiona bado hajafunguka anaongeza. Simlaumu, mtu amebanwa kifua saa nane usiku na ana watoto wa kulisha kesho asubuhi, dawa inayomfungua ndio dawa. Lakini steroidi za kunywa kwa wingi ni moja ya sababu kubwa za mfupa wa kichwa cha paja kukosa damu na kufa polepole, na dalili zake za mwanzo ni hizi hizi, kinena, maumivu ya kushuka mpaka gotini, na mzunguko wa ndani kupotea kabla ya vingine.

Strechi ya kulia tuliisimamisha siku hio hio. Nikampa magongo, nikamwambia asikanyage kwa uzito wote, na nikamuandikia barua kwa daktari wa mifupa. Barua zenyewe ndugu zangu tuzipe uhai kidogo, ukiandika "maumivu ya nyonga, tafadhali muone" itakaa chini ya rundo. Niliandika mzunguko wa ndani 10 kwa 40, kuviringisha paja kunauma, Thomas haibadiliki kwa kunyoosha goti, steroidi za miaka, maumivu ya usiku, naomba muangalie kichwa cha paja. Mistari mitano, daktari aliniambia baadaye alimuita ndani siku hio hio.

Eksirei ya kwanza ilikuwa karibu safi. Hapo ndipo wengi wanarudishwa nyumbani na paketi ya dawa za maumivu. Mfupa ukianza kufa eksirei inaweza isionyeshe kitu, inachelewa, MRI, yaani picha ya ndani inayopigwa kwa sumaku, ndio inaona mapema. Kwa sababu vipimo vya mkono vilikuwa wazi daktari hakuridhika na eksirei, akaagiza MRI ya nyonga zote mbili, na zote mbili ni lazima manake steroidi haichagui upande. Familia ikachanga. Majibu yakaja: kulia sehemu ya kichwa cha paja imekufa, ila uso wake wa mviringo haujabonyea bado. Kushoto safi.

Hilo neno "haujabonyea" ndilo linalobeba kila kitu. Kabla haujabonyea kuna upasuaji mdogo wa kutoboa mfupa kupunguza shinikizo ndani na kuipa damu njia, sio kwamba unamponya kila mtu ila unampa mtu nafasi ya kubaki na nyonga yake. Ukishabonyea gegedu, ule utando laini unaofunika mfupa kwenye kiungo, linakosa pa kukaa, kiungo kinasagika, na mazungumzo yanakuwa ya kubadilisha nyonga nzima, kwa mtu wa miaka 36 mwenye tuktuk ya mkopo. Kila asubuhi ile miezi ya strechi alikuwa anaegemea kwa uzito wake wote juu ya kichwa cha paja kilichokuwa kinalegea, akijua anajitibu. Sisemi strechi ndio ilimuua mfupa, haikuuua. Ilimla muda.

Alitobolewa mfupa, akakaa na magongo wiki kadhaa, tuktuk akaendesha mdogo wake. Pumu ilishughulikiwa upya na daktari wa kifua, sasa ana inhela ya kuzuia ya kila siku, sio ile ya kufungua peke yake, na tembe hanunui tena mwenyewe. Mke wake ndiye anayezisimamia, na kwa jinsi anavyoniuliza maswali naona zimepata mlinzi.

Kwangu anaendelea kuja. Kushoto tunanyoosha rektasi femorisi kama kawaida, amelala ubavu, kisigino makalioni, kiuno kimeshikwa kisipinde, na paja kwenye Thomas limeshafika usawa na goti linaning'inia kwenye 80. Kulia hatunyooshi kitu. Tunaimarisha misuli ya pembeni ya makalio kiuno kisishuke akitembea, anaendesha baiskeli ya kukaa bila mzigo, na mzunguko wa ndani naupima kila anapokuja, sasa uko 15, kuviringisha paja hakuumi tena. Ameniuliza kuhusu breki, kama ataweza kuikanyaga ghafla mtoto akikatiza barabara pale Kongowea. Nimemwambia tusubiri MRI ya pili kwanza, na hata ikija nzuri tutaijaribu na tuktuk ikiwa imesimama uani kwao, mdogo wake akiwa pembeni, kabla hajabeba abiria yeyote.